Mkienda Italia msiishie Roma, fikeni na Turin

Ndugu Mhariri,

Nimesoma ukurasa wenu wa safari, mmetaja makanisa ya Roma na Asizi nikafurahi sana, ila mbona Turin, mji ule wa kaskazini mwa Italia, hamjaigusa kabisa na sisi watu wa Iringa imani yetu imepitia kule? Wamisionari Wakonsolata waliofika huku 1919 wakapokea misheni za Wabenediktini wa Kijerumani, Tosamaganga ikiwemo, shirika lao lilianzia Turin mwaka 1901 chini ya padre Giuseppe Allamano, huyu huyu aliyetangazwa mtakatifu Oktoba 2024.

Mi nilibahatika kufika, masaa manne na kitu kwa treni toka Roma. Kanisa la Consolata, yani Bikira Maria Mfariji, limebanwa na majumba katikati ya mji, pembeni kuna mnara wa matofali wa karne ya 11, ndani ni marumaru na dhahabu mpaka unajikuta unanong'ona. Ila kilichonishika ni kuta za picha ndogo ndogo za shukrani, za watu wa kawaida tu, mgonjwa yuko kitandani familia imepiga magoti, mtu anadondoka toka juu, mwanajeshi yuko vitani, na juu kwenye kona Bikira Maria na mtoto ndani ya wingu. Nikamkumbuka bibi yangu alivyokuwa anasali rozari kwa Kihehe mbele ya picha ya Mama Consolata, na bibi hata Morogoro hakuwahi kufika. Nililia, sioni aibu kusema.

Alafu kuna kanisa kuu, lilijengwa 1491 hadi 1498, ndo inapotunzwa ile Sanda, kitambaa ambacho wengi wanaamini alizikwa nacho Yesu. Haioneshwi kila siku, ila nendeni tu. Kikanisa cha Sanda alichobuni msanifu majengo Guarini kiliungua usiku mmoja wa Aprili 1997, wazima moto wakavunja vioo vya kinga kwa nyundo wakaitoa Sanda salama, kikanisa chenyewe kikafunguliwa tena 2018, yani miaka 21 watu wanarudishia mawe! Hapo jirani kuna kanisa la San Lorenzo, inua kichwa utazame kuba, matao yamepishana yakatengeneza nyota ya pembe nane. Mwenye siku ya ziada apande Sacra di San Michele, monasteri ya mawe juu ya kilele nje ya mji, ina kama miaka elfu moja.

Parokia yetu tumeanza kuchanga hela ya hija na ratiba imeandikwa Roma tupu. Naomba mchapishe barua hii kabla tiketi hazijakatwa, siku mbili za Turin zinatosha.

Msomaji wenu, Iringa