Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Pilipili Zetu za Ndoo, Kisumu

Ndugu wanachama,

Nawasalimu nyote, wa Nyalenda, Manyatta na Obunga, pamoja na wenzetu wa Kajulu ambao huamka mapema zaidi ili watufikie. Hesabu za fedha atawasomea mweka hazina, na mahudhurio yako kwa katibu. Mimi nitazungumzia ndoo.

Wengi wetu hatuna shamba. Tuna kibaraza cha ploti na kipande cha ukuta kinachopata jua, basi. Ndiyo sababu tulianza na ndoo za lita 20 za mafuta ya kupikia, tukazitoboa chini na kupanda pilipili mbuzi na pilipili kichaa. Mmea ukitunzwa humo unaweza kuzaa zaidi ya mwaka mmoja, maana Kisumu haina baridi ya kuukausha.

Mwaka huu, hata hivyo, tulipoteza miche mingi kabla haijatoa ua hata moja. Mvua za Machi zilipokaribia tulifanya haraka. Tulichota udongo mweusi wa huku chini, ule wa mfinyanzi, tukauchanganya na samadi ya kuku iliyokuwa bado mbichi. Nilikuwepo gunia likifunguliwa. Harufu iliwasha macho, na bado nikasema tupande. Uamuzi ule ulikuwa wangu, na ninawaomba radhi.

Wiki ya nne nilimtembelea mama mmoja wa Manyatta. Ndoo zake zilikuwa kibarazani, chini ya mabati, mahali mvua haifiki. Majani ya miche yalikuwa yameungua kingo. Aliniambia anamwagilia kila jioni mpaka maji yatoke chini, na kweli akamwagilia nikiona, maji yakatoka. Tukaipindua ndoo moja. Bonge la udongo lilitoka zima, kavu katikati kama tofali, limebanduka kwenye ukuta wa ndoo hadi kidole kikapita. Maji yote yalikuwa yakiteremka katika ule ufa na kwenda zake. Mizizi michache iliyokuwepo ilikuwa ya kahawia na imejikunja. Mama yule hakukosea lolote. Alifuata tuliyomwambia.

Shambani mzizi ukikuta pabaya hutafuta njia nyingine. Ndani ya ndoo hauna pa kwenda, kwa hiyo kila tunachotia humo lazima kiwe sawa tangu mwanzo. Mfinyanzi ukilowa hauachi hewa, na ukikauka hujikunja na kupasuka. Samadi mbichi ya kuku nayo ina chumvi na amonia za kuunguza mizizi michanga. Sasa tumebadili mchanganyiko: karai mbili za udongo mwekundu, moja ya mboji iliyoiva, moja ya mchanga mnene. Juu tunafunika kwa nyasi kavu. Mboji iliyoiva hunuka kama udongo baada ya mvua, na ukiingiza mkono katikati ya rundo haina joto. Ikiwa bado ina joto, iacheni, hata kama jirani ameshapanda.

Ndoo nyeusi tumezivisha magunia, kwa sababu jua la saa saba huzichemsha na maua hupukutika.

Mbolea ya maji tunaitengeneza kwa maua makech, yale maua ya manjano yanayojaa kando ya barabara na kwenye nyua za mashamba. Asili yake ni Meksiko, nako pilipili zimelimwa kwa maelfu ya miaka, na yote mawili yamekubali udongo wetu. Majani yake huoza upesi na yana naitrojeni, fosforasi na potasiamu kwa wingi. Yakatekate, yaloweke wiki mbili, chuja, kisha ongeza maji mpaka rangi iwe kama chai ya rangi iliyo nyepesi. Mmea ukianza kutoa maua punguza, la sivyo utavuna majani matupu. Wale wa Obunga waliojaribu mabaki ya samaki nawapongeza kwa bidii, lakini paka na inzi waliwatesa, na majirani walilalamika kwa haki.

Kuhusu mbegu: hifadhini za mmea uliofunikwa. Pilipili zilizopandwa karibu huchanganya chavua, na tunda la leo halitaonyesha chochote. Utagundua msimu ujao mche ukizaa kitu usichokijua. Kipande cha neti ya mbu juu ya tawi lenye maua kinatosha. Tikisa tawi kidogo kila asubuhi.

Sasa nije kwenye jambo lililoniumiza zaidi. Kiangazi cha Januari kilileta vidukari na inzi weupe. Wengi walinyunyiza maji ya sabuni ya kipande chini ya majani, wengine mafuta ya mwarobaini, na wakawazuia sisimizi, maana sisimizi huwalinda vidukari ili wapate ule utamu wao. Ni kazi ya kurudia kila baada ya siku chache, na inachosha. Mwenzetu mmoja alishindwa, akanyunyiza dawa ya dukani, kisha akaleta pilipili zake kwenye kikapu cha pamoja. Siku mbili baadaye alikuja nyumbani kwangu, akaniambia mwenyewe. Nilimheshimu kwa hilo, na ninaomba asinyooshewe kidole.

Lakini pilipili zilikuwa zimeshachanganyika na kupelekwa kwa mama anayeuza samaki wa kukaanga, mteja wetu tangu mwanzo. Mimi na katibu tulikwenda, tukamweleza, tukachukua kikapu chote na kumrudishia pesa. Hakufoka. Aliuliza tu, “Na za wiki ijayo nitazijuaje?”

Hatukuwa na jibu. Tulikuwa tukisema pilipili zetu hazina kemikali kwa sababu tunaaminiana, ilhali yeye hakuwa na njia ya kuona tunachokifanya. Afrika Mashariki ina kiwango chake cha mazao ya kilimo hai tangu 2007, na alama yake ni Kilimohai. Wapo waliopendekeza tuibandike kwenye mifuko. Kamati imekataa. Alama hiyo hupewa waliokaguliwa, nasi bado.

Kuna njia inayofaa vikundi vidogo kama chetu, ya wakulima kukaguana wenyewe kwa kanuni walizokubaliana, na mteja akaribishwe kushuhudia. Kamati inapendekeza tuanze nayo. Kila ndoo itakuwa na namba, na kila mwanachama daftari: tarehe ya kupanda, mboji ilitoka wapi, alinyunyiza nini na lini. Tutatembeleana wawili wawili, na hakuna atakayekagua ndoo za ndugu yake. Anayezidiwa na wadudu apige simu kabla ya kwenda dukani. Tutakuja kumsaidia kuosha majani. Nitawaomba mpige kura leo.

Mama wa samaki ameanza kununua tena, ila kwa sasa huja kuchuma mwenyewe. Jumamosi atakuwa Nyalenda asubuhi. Wenye ndoo huko, madaftari yawe nje.