Shangazi, kila mzigo wanasema "Dada yupo"

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni muuguzi, mama wa watoto wawili, na ndiye mtoto wa kwanza kwetu. Baba alifariki nikiwa sekondari. Tangu nianze kazi, ada za wadogo zangu, dawa za mama na michango ya misiba yote inapitia kwangu. Kwenye vikao vya familia, ikifika sehemu ya nani atabeba, watu wanaangalia chini, kisha mjomba anasema, "Dada yupo." Kikao kinafungwa kwa sala. Kazini ni vilevile. Akikosekana mtu wa zamu ya usiku napangiwa mimi, kwa kuwa "yule mama ni chuma."

Juzi nikiwa zamu nilijipima presha: 168 kwa 104. Nikavua ule mkanda, nikamfunga mgonjwa wa kitanda cha pili, nikaendelea na raundi. Angekuwa mgonjwa wangu ana namba hizo, nisingemwacha aondoke bila kumwona daktari.

Nimesoma habari za mtafiti wa Marekani, Sherman James. Kuanzia miaka ya 1980 alichunguza watu weusi wa North Carolina na kuona kwamba wenye kipato kidogo wanaopambana na kila shida kwa nguvu zao zote ndio presha yao inakuwa juu zaidi. Hali hiyo aliipa jina la John Henry, yule mjenzi wa reli wa kwenye masimulizi aliyeshindana na mashine, akaishinda, akafa. Nilisoma mara mbili, nikajiona mimi.

Lakini presha ina vidonge. Kinachonitisha ni kwamba mdogo wangu alipoachika akaja kulia kwangu, nilimkumbatia, nikampikia, na moyoni sikusikia kitu. Nilikuwa nawaza tu, mbona mimi nimepita makubwa kuliko haya? Zamani sikuwa hivi.

Tafadhali usiniambie mvumilivu hula mbivu, hiyo nimeambiwa tangu msiba wa baba. Mama ananisifia kwa majirani, na kitinda mimba wetu bado yuko chuo. Nikitaka kupunguza, nianzie nyumbani au kazini? Na mama nimwambie kwa maneno gani, asije akadhani nimemtupa?

Dada Mkubwa,
Morogoro