Malalamiko kuhusu kuachwa njiani kwenye matembezi ya volkano

Kwa Meneja,
Huduma kwa Wateja.

Ndugu Meneja,

YAH: KIKUNDI KUVUNJIKA NA WATEMBEAJI SITA KUACHWA BILA MWONGOZAJI

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mmoja wa wateja 16 mliowapeleka Jumamosi iliyopita kutembea ukingoni mwa kreta. Tangazo lenu liliahidi mandhari ya kuvutia, na kwamba kikundi kizima kingekwenda kwa mwendo wa mtu wa nyuma kabisa. Mandhari tuliiona: lava iliyoganda kwa mikunjo kama kamba zilizosokotwa, kingo za njano za salfa, na ziwa la kijani chini kabisa ya kreta. Kwa hilo sina neno. Ahadi ya pili hamkuitimiza.

Mwongozaji alikuwa mmoja tu, naye alishika mbele pamoja na wenye miguu myepesi. Tulipofika kwenye mteremko wa changarawe za volkano, ambako ukipanda hatua moja unateleza nusu yake, tuliokuwa nyuma hatukumwona tena. Kati yetu alikuwamo mama mmoja mtu mzima aliyeanza kuumwa goti. Kisha ukungu ukashuka. Juu ya lava ngumu nyayo hazibaki, kwa hiyo hatukuwa na alama ya kufuata zaidi ya marundo ya mawe, na ukungu ulipokuwa mzito hata hayo hayakuonekana. Tuliita, hatukujibiwa. Njia ilipogawanyika tukasimama kusubiri mtu arudi kutuchukua. Hakurudi mtu.

Kilichonifanya niandike barua hii ni kilichotokea hapo. Upepo ulikuwa mkali, na mwenzetu mmoja akashauri tushuke kwenye kishimo kilichokuwa karibu, mama apumzike. Tulikuwa tumeshaanza kushuka pale harufu ya mayai viza ilipoturudisha. Mwisho wa safari, upande wanakoingilia wanaotokea ng'ambo ya pili, tulikuta kibao kinachokataza watu kukaa mabondeni kwa sababu ya gesi. Sisi tulianzia upande usio na kibao, na mwongozaji hakutuambia lolote. Kampuni inayouza matembezi ya volkano inapaswa kujua kwamba kabonidayoksaidi ni nzito kuliko hewa, hutuama mashimoni, na haina harufu. Siku ile tuliokolewa na gesi nyingine iliyokuwa na harufu, na hata hiyo ikizidi hupoozesha pua mtu asiisikie tena.

Tulipowafikia wenzetu, mwongozaji alisema, "Nilijua mtafika tu." Alijuaje?

Vilevile hakuna aliyetueleza mlima uko kwenye kiwango gani cha tahadhari, wala tujikinge wapi ukilipuka. Haya si mambo ya kufikirika. Tarehe 9 Desemba 2019 kisiwa cha Whakaari, New Zealand, kililipuka kikiwa na watu 47, wengi wao watalii na waongozaji wao, na 22 walipoteza maisha, ingawa kiwango cha tahadhari kilikuwa kimepandishwa wiki kadhaa kabla. Mlima Ontake wa Japani ulilipuka tarehe 27 Septemba 2014 ukiwa kwenye kiwango cha chini kabisa, na zaidi ya watu 60 walikufa au hawakupatikana. Ndiyo maana mteja anahitaji maelezo hata siku ambayo mlima umetulia, na ndiyo maana mwongozaji anatakiwa kujua kila mtu wake yuko wapi.

Nilipopiga simu ofisini kwenu nilijibiwa kwamba nilitia saini fomu ya kukubali hatari. Ni kweli, nimeisoma tena fomu hiyo. Inataja mawe, hali ya hewa na uchovu. Hakuna mstari unaosema mwongozaji anaweza kutuacha.

Naomba wote sita turudishiwe nusu ya malipo yetu. Naomba pia kila kikundi kiwe na mwongozaji wa pili anayetembea nyuma, na maelezo kuhusu gesi na tahadhari yatolewe kabla ya hatua ya kwanza. Yule mama ameniruhusu kuandika kwa niaba yake pia, na bado anachechemea.

Nasubiri majibu yenu kwa maandishi ndani ya siku 14.

Wenu,
Mteja wa kikundi cha Jumamosi