Kabla hujalipia hiyo pikapu

Kamwene kaka,

Picha ya brosha ya hiyo Hilux nimeiona na ile voisi yako ndefu nimeisikiliza mara 2, nimeona nikuandikie kabisa maana kwenye simu tunakatizana afu bando linaisha, na hili jambo limenikaa moyoni. We unataka kutoa hela ya misimu yote hii ya vitunguu kwa sababu ya namba moja iliyoandikwa kwa maandishi makubwa, 500 Nm, yaani ile nguvu ya injini ya kuzungusha. Gari siikatai. Ninachokataa ni hiyo namba kuwa ndo sababu ya kununua.

Umesema unataka ya gia za mkono kwa ajili ya mlima wa Kitonga, si ndiyo? Sasa kwenye hiyo Hilux ya 2.8 ile 500 ni ya otomatiki, ya gia za mkono inatoa 420. Injini ileile ya 1GD, ila kwenye ya mkono wameibana. Kwenye voisi hujaligusia kabisa hilo, nahisi na muuzaji naye hakukugusia, na kwa kweli limeniudhi, maana huyo mtu anajua unaenda kubebea nini.

Afu hizo hosipawa 204. Zinatoka injini ikiwa inazunguka mara 3,000 na kitu kwa dakika. We umetoka Ruaha Mbuyuni na gunia zako, mbele yako semi imejaa inapanda kama mtu anatembea, kona juu ya kona, kuovateki huwezi, hiyo 3,000 utaifikia wapi? Utakuwa kwenye 1,500, 1,600 hivi. Piga hesabu mwenyewe, hata ukiwa na hiyo ya otomatiki na ukapewa 500 zote kwenye 1,600, inayotoka pale ni kilowati 84 tu, wakati brosha imekuandikia 150, ndo hizo hosipawa 204. Na ukishuka chini ya hapo tabo, ile inayosukumia hewa kwenye injini, inakuwa haijajaa, maana inazungushwa na moshi wa egzosi, moshi ukiwa kidogo na hewa inayosukumwa ni kidogo, unakanyaga mafuta gari inakuangalia tu.

Halafu ujue wanapimia wapi. Injini inafungwa kwenye mashine ndani ya chumba, na namba inaandikwa kwa kipimo cha hewa ya nyuzi 25 na mgandamizo wa karibu na usawa wa bahari. We unajua joto la Ruaha Mbuyuni saa 8 mchana lilivyo. Hewa ya moto ni nyepesi, na kwa mwendo ule upepo wa kupoza intakula, ile inayopoza hewa ya tabo, haupo, joto likizidi kompyuta ya gari inapunguza mafuta kulinda injini, kwa hiyo nguvu inapungua palepale unapoihitaji.

Nisije nikaonekana naichukia tabo, hapana. Sisi watu wa huku juu inatufaa kuliko watu wa Dar. Injini isiyo na tabo inapoteza kama sehemu moja ya kumi ya nguvu kila ukipanda mita 1,000, na Mbeya mjini tuko kama mita 1,700, kwa hiyo zile Land Cruiser za injini ya 1HZ isiyo na tabo tunazozisifia, pamoja na uvumilivu wake wote, huku zinafika zimeshapungua tayari. Tabo inafidia hilo, nakubali kabisa.

Ila mi yamenikuta. Ile pikapu niliyokuwa nayo kabla ya hii niliuziwa kwa maneno hayohayo, haijui mlima, inavuta kama lori. Nikapakia mbolea Uyole mifuko 18 ya kilo 50, yaani kilo 900, chini ya ile tani moja waliyoandika, naelekea Isyonje. Kwenye mwinuko ikaanza kufa nguvu, narudisha gia ya 2, narudisha ya 1, moshi mweusi nyuma, klachi inanuka, mvua nayo inanyesha. Tumeshusha mifuko 10 pale barabarani tukaifunika na turubai, mke wangu akabaki anailinda mpaka jioni nimerudi. Fundi kuja kuangalia, paipu ya kwenda intakula ilikuwa na ufa mdogo tu, hewa ya tabo yote inapotelea pale. Ufa mdogo, nguvu yote ya kwenye brosha haipo! Tangu siku ile namba peke yake hainishawishi, nikiona mtu wangu anashawishiwa nazo siwezi kunyamaza.

Na sio maneno ya mafundi tu. Januari 2024 Toyota wenyewe walisimamisha kwa muda kusafirisha aina 10 za magari, Hilux ikiwemo, baada ya kubainika kwamba kampuni inayowatengenezea dizeli ilipima nguvu kwa kutumia kompyuta yenye programu tofauti na ya magari yanayouzwa, ili matokeo yaonekane yametulia. Wakasema wamepima upya na injini zimefikia kiwango, sawa, naliamini. Ila kama hata wao ilibidi wapime upya, we utaacha vipi kupima?

Kwa hiyo naomba usilipie Jumatatu. Mwambie muuzaji unataka ukaijaribu na mzigo, akikataa ujue kuna kitu, achana naye. Akikubali, mi ntapanda basi la asubuhi hapa Uyole, tupakie kilo 900 za vitunguu pale chini, tupande Kitonga mchana kweupe joto likiwa kali, we uendeshe mi niangalie geji ya joto na rangi ya moshi. Beba na tochi, kabla hatujaondoka ntataka kuziona paipu zote.

Msalimie shemeji na watoto.

Ndugu yako wa Uyole