Godoro lisubiri, Somo

Mtwara, Novemba 16

Somo yangu mpenzi,

Habari za Dodoma? Huku hatujambo. Mama anakusalimu sana, anasema mabibo yataisha hujatia mguu.

Umeniandikia kuwa mmechangishana kazini na mnataka kuwanunulia watoto wetu wanaolala sokoni magodoro sita. Machozi yalinitoka. Ila kabla hamjalipa, nisikilize.

Unakumbuka tulivyoanza? Tulikuwa vijana 14 tunaosafisha ufukwe wa Shangani kila Jumamosi, basi. Siku moja akatufuata mtoto wa miaka kama 11, pekupeku, akauliza, "Dada, hizo chupa mnazipeleka wapi?" Tukamjibu, jalalani. Akanyamaza, macho yakabaki kwenye gunia. Baadaye ndipo tukajua kwamba chupa anaziuza kwa kilo, na kwamba asubuhi ile tulikuwa tumembebea chakula chake cha mchana. Tangu hapo chupa ni zake na wenzake, sisi tunaokota takataka nyingine.

Yeye ndiye aliyetujulisha kwa wenziwe: wanaopara samaki feri, wanaolala kwenye vibaraza vya maduka sokoni wametandika maboksi. Watu wanawaita chokoraa. Sisi neno hilo tumekatazana, maana kila mmoja ana jina alilopewa kwao.

Mwezi wa tatu mwenzetu mmoja akampa yule mtoto chumba cha uani. Tukaona tumemaliza kazi. Wiki ya pili mtendaji wa mtaa akatupeleka kwa afisa ustawi wa jamii. Mama yule hakutugombeza, alitukalisha akatueleza. Chini ya Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, aliye chini ya miaka 18 ni mtoto, na ana haki ya kuishi na wazazi au walezi wake. Kwanza ndugu watafutwe. Wakikosekana, ustawi ndio wanaomtafutia mlezi wa kuaminika au makao yenye leseni. Kumbe kwa huruma yetu tulikuwa tunamficha mtoto anayetafutwa! Bibi yake alikuwa Tandahimba, akimuulizia tangu msimu wa korosho uliopita.

Tulikwenda na afisa. Tulimkuta bibi uani anabangua korosho. Alipomwona mjukuu hakuinuka, alivuta khanga akajifunika uso. Mtoto aliondoka kwa sababu ya sare, Somo. Ada ya shule hakuna siku hizi, lakini sare na madaftari bibi hakuwa navyo. Mtoto akaona haya, akadandia lori la korosho mpaka mjini. Tukamnunulia sare, tukarudi tunaimba njia nzima.

Mwezi na nusu baadaye nikamkuta stendi.

Sikulala usiku ule. Alikuwa amerudishwa darasani na watoto wadogo, wakamcheka, na kwetu sisi hakuna aliyekwenda hata siku moja kumuuliza anaendeleaje. Mara ya pili tulimuombea nafasi ya MEMKWA, wanakosoma waliochelewa au kukosa shule, na kila mwezi mmoja wetu anakwenda kumwona, anakaa na bibi, anazungumza na mwalimu. Huu ni mwezi wa nne tangu arudi kwa bibi. Bado yupo.

Sasa wamerudi makwao watoto watano. Fedha za magodoro nawaombeni ziwe nauli, mtu mmoja kwa kila mtoto, mara moja kwa mwezi, mwaka mzima. Najua wenzako watataka picha. Waambie nyuso za watoto hatupigi, ila nitawaandikia kila mwezi nani kaenda wapi na kakuta nini.

Uliuliza habari za mkopo wa halmashauri. Katika zile asilimia 10 za mapato yake ya ndani inazotenga kwa mikopo, vijana tunatengewa 4, lakini ni mkopo wa mradi unaorejeshwa, na nauli haizalishi. Tukipata wazo la biashara tutaomba.

Na huko kwenu, ukimkuta mtoto peke yake usiku, piga 116. Ni bure.

Jumamosi zamu ya Tandahimba ni yangu. Bibi nampelekea sukari. Mtoto kaomba viatu, nami sikumuuliza namba, kwa hiyo nitampima mguu kwa uzi niutume kwako. Huko viatu vya shule vizuri vinapatikana.

Somo yako