Siku ulinisikia nikimpigia shosho kelele

Umoja, Nairobi, Jumapili, saa tano usiku

Mwanangu,

Tangu Jumanne hujanipigia na najua ni kwa nini. Ulisikia. Nilikuwa nimekuweka spika kwa meza nikikata sukuma, tunaongea mambo ya fii, shosho akaingia jikoni nikasahau kabisa uko hapo, ndio ukasikia ile "nyamaza! nyamaza kabisa!" na sahani ikaanguka. Sahani sikurusha, wacha hiyo tuitoe njiani, iliteleza. Lakini kelele ni yangu, siikani. Ukanitumia meseji moja tu, "Mum kwani siku hizi umekuwa hivyo?" na hilo swali nimeishi nalo siku tano, nikifua nalijibu, nikipanda ngazi nalijibu. Sasa amelala tangu saa tatu na sijui ataamka saa ngapi, kwa hivyo naandika mbio mbio, ukiona makosa pita tu.

Hiyo siku alikuwa ameanza saa nane kuuliza pesa zake za kuuza mitumba Gikomba ziko wapi. Nikamwambia ziko benki. Akaenda mpaka kwa kiti, akarudi, pesa zangu ziko wapi. Ziko benki. Sijui mara ngapi, kufika ile saa umepiga nilikuwa nimeacha kuhesabu. Halafu akanikaribia kabisa, kwa ile sauti yake ya chini ya biashara, unaikumbuka, ile alikuwa anaongelea na mteja mjeuri, akaniambia, "Najua ni wewe. Tangu mama yako akulete hapa umekuwa ukiniibia."

Mama yangu ni nani kama si yeye?

Ndio nikapiga kelele. Na nikuambie kitu kingine ambacho simu haikukuonyesha, dakika kumi baadaye yeye alikuwa ameshasahau, anakunywa chai anaimba nyimbo za kanisa, na mimi niko kwa choo nimefunga mlango nalia. Yeye husahau. Mimi ndio hubaki nayo.

Wewe unamjua shosho wa chenji. Yule anafungua beli, anaangalia juu juu, kabla nguo hazijamwagwa anakuambia hii itanirudishia hivi na hivi, na hana kalkuleta. Sasa siku moja, wewe ulikuwa fomu tatu, mama mmoja alinifuata hadi kwa kibanda changu akaniambia nimetoa mia mbili nikanunua blauzi ya mia na hamsini, mama yako amenirudishia mia nane na hamsini, chukua, mimi siwezi kula ya mzee. Nikacheka. Nikasema amechoka. Kumbe wenzake wa hapo wote walikuwa wameshaona, miezi mingi, wanamfunika funika kwa heshima, na hakuna aliyetuambia. Siwalaumu sana. Na mimi ningeanzaje kumwambia mtu ati mama yako anapotea?

Kliniki ya kwanza tukaambiwa ni uzee, tukapewa vitamini, tukarudi nyumbani tumefurahi. Miaka miwili ikaenda hivyo. Yaani hilo neno "uzee" limetugharimu sana, kwa sababu kila kitu unakitupa humo ndani, amechoma sufuria, uzee, amepotea akitoka kanisani na ni njia ya miaka yote, uzee. Daktari wa pili ndiye aliyempa karatasi akamwambia chora saa. Shosho akachora kitu kama chapati, namba zote zimekaa upande mmoja. Mimi nikaruka, nikasema daktari, huyu shule aliacha akiwa na miaka 10, saa hajawahi kuchora hata akiwa mzima! Nilidhani atakasirika. Akaweka ile karatasi kando akaniuliza, basi niambie, ni nini alikuwa anafanya mwenyewe juzi juzi na leo hawezi? Hapo ndipo nikamwambia ya ile mia nane na hamsini, na nikiisema nikasikia vile inasikika.

Akaagiza damu ipimwe, homoni za tezi ya shingo, vitamini B12, kaswende, HIV, kwa sababu kuna vitu vinaweza kumletea mtu kusahau na vikatibika. Aki mwanangu, mimi niliomba iwe kaswende. Nilipiga magoti nikaomba Mungu mama yangu apatikane na kaswende, mama wa Woman's Guild, kile kikundi cha wamama wa kanisa, fikiria. Haikuwa. Picha ya kichwa nayo ikapigwa, mwishowe tukaambiwa ni dimenshia, ugonjwa wa ubongo kupoteza kumbukumbu, na vile ilivyoanza polepole ni aina ile inaitwa Alzheimer, na pengine presha ya miaka mingi imeharibu pia mishipa midogo ya damu huko ndani. Ile tembe anapewa jioni inaitwa donepezil. Haiponyi. Kuna watu inawashika kidogo kwa muda, na ndio nampa, kwa sababu usipompa utajiuliza.

Daktari alinieleza kitu kimoja nikaelewa usiku wetu. Ati ile sehemu ya ubongo inayoweka mambo mapya ndiyo huguswa mapema, ya zamani yanabaki. Kwa hivyo alichokula asubuhi hakiko, lakini 1954 iko. Unajua wakati wa Emergency, ile vita ya Mau Mau na mkoloni, watu wa Murang'a walitolewa kwa mashamba yao wakawekwa kwa vijiji, wakachimbishwa mtaro kuzunguka na vijiti vilivyochongwa ndani, na mahomegadi, wale askari wa mkoloni, juu yao. Yeye alikuwa na miaka 10. Ndio ilikuwa mwisho wa shule. Sasa saa nane ya usiku ananiamsha, ana nguvu wewe, ananivuta mpaka chini ya meza ya sebule ananiziba mdomo na kiganja. Kiganja kinanuka mafuta ya Arimis. Ananinong'onezea, "wanapita." Tunakaa hapo. Kukiwa na pikipiki huko nje anabana zaidi. Mwanzo nilikuwa namwambia mum hakuna mtu, ni bodaboda, na anapiga nduru mpaka wa juu wanagonga sakafu. Sasa nakaa tu. Nangoja nao wapite. Miaka yangu 53 huyu mama hajawahi kunisimulia hata neno moja la hiyo vita, hakutaka, tukiuliza anatutuma kuni, na nimekuja kuijua chini ya meza.

Kwa hivyo hapo ukiniuliza nalala saa ngapi.

Usiku nikikosa usingizi nasoma kwa simu. Ukisoma unaona hauko peke yako lakini pia hasira inapanda. Shirika la Afya Duniani linasema watu milioni 57 walikuwa na hii kitu 2021, zaidi ya nusu wako kwa nchi kama zetu, si eti ni ugonjwa wa wazungu kama yule jirani anavyodai. Na wakasema watu wa familia wanaoangalia mgonjwa wanatumia kama masaa matano kwa siku. Masaa matano! Nilicheka peke yangu hapa mpaka nikaogopa nitamwamsha. Halafu nikaona pale wanasema asilimia 70 ya hayo masaa ni wanawake, hiyo sikucheka.

Maanake wajomba zako unawajua. Sitaki kuwasema vibaya, mkubwa anatuma elfu tano kila mwezi bila kukosa na hiyo ni kitu. Lakini daipa za watu wazima zinaimaliza kabla ya tarehe kumi. Alikuja Pasaka na familia, akakaa lisaa limoja, na shosho siku hiyo, sijui niseme nini, alikaa kama malkia! Akasalimia, akauliza ng'ombe, akaombea chakula. Wakienda mjomba wako ananiambia pale kwa ngazi, "Mum mbona yuko sawa, wewe nawe unapenda kuongeza chumvi." Gari ilikuwa haijatoka geti na shosho ananiuliza hao wageni walikuwa akina nani. Nimesoma kwamba hiyo hutokea, wageni wakija mgonjwa hujikaza, ile adabu ya zamani inamshikilia kwa muda. Ningempigia nimweleze lakini nikaona wacha.

Wa kanisa nao walikuja kukemea mapepo. Nikawaachia waombe, nikawatilia chai, lakini yule mmoja alipoanza maneno ya laana na ati kuna kitu alikula, nikafungua mlango. Kwa sababu mwezi wa tano shosho alitoka usiku bila nguo akagonga kwa jirani wa ghorofa ya pili, na nikaanza kusikia vile watoto wa ploti wanamwita. Mzee anayetembea usiku akijiongelesha, kuna mahali kama Kilifi wazee wameuawa kwa kudhaniwa wachawi. Sisi tuko Nairobi lakini mimi siwezi kucheza na hilo neno. Niliongea na keateka, nikaongea na soja, nikamwambia ukimwona amefika geti usimshike kwa nguvu, mwambie magari ya Murang'a yameisha, yatakuwa kesho asubuhi. Anarudi mwenyewe. Nampa huyo soja mia mbili kila wiki na ni pesa nzuri kabisa naitoa.

Kibanda nilifunga. Najua ulikuwa unashuku, hukutaka kuuliza. Nilijaribu kuweka msichana wa kazi, wa kwanza alikaa siku nne, wa pili aliitwa mwizi mara mia akaondoka akilia na simlaumu. Chama sijaenda tangu Februari. Kwa kemisti wamenipima presha wakapata 160 juu ya 100 wakaniuliza kama ninatumia dawa, na nina jino limeoza ninameza panadol. Uliniuliza kitambo kama hii kitu itakupata na wewe. Ya kurithi moja kwa moja ni nadra. Kuna ripoti ya wataalamu ilitoka kwa jarida la Lancet mwaka wa 2024, walihesabu mambo 14 yanayoongeza hatari ya dimenshia, presha, sukari, kolestro, masikio kupoteza kusikia, kukosa shule, upweke, na wakasema kama yote yangeshughulikiwa karibu asilimia 45 ya visa vingezuiliwa au kucheleweshwa. Nikisoma nilimwona shosho kwa orodha, presha, masikio, shule. Halafu nikajiona mimi. Kwa hivyo hiyo presha yangu nimeanza dawa, usianze kunifokea.

Sasa nataka kukuambia kitu na usimwambie mtu. Siku moja mwezi uliopita nilimfungia ndani. Nilizima gesi kwa mtungi, nikaficha visu, nikafunga na kufuli kwa nje, nikashuka, nikaingia matatu ya tao. Sikuwa naenda mahali. Nilikaa dirishani, nikafika mwisho, konda akaniambia mum tumefika, nikamwambia narudi nayo. Akanitazama, akachukua pesa. Yaani nilitaka tu kukaa mahali ambapo hakuna mtu ananiuliza kitu. Kulikuwa na jam Jogoo Road na nikaomba isiishe. Saa moja na dakika arobaini. Niliporudi nikamkuta amekaa sakafuni hapo kwa mlango, amevaa koti, mkoba kwa magoti, kucha moja imetoka damu kwa kukwaruza mbao. Hakunikasirikia. Akaniuliza, "Umemwona msichana wangu? Alisema anarudi."

Hiyo ndiyo jibu la swali lako. Sijui kama ni jibu.

Sitaki uache shule. Hata usilifikirie, nitakufuata Eldoret na slipa. Ninachotaka ni siku kumi. Mkifunga Desemba, kabla hujaenda kwa marafiki, nipe siku kumi ulale kwa chumba chake na mimi nilale kwa chako na mlango umefungwa, niende ning'oe hili jino, niende chama, niende hata Gikomba nizunguke tu. Mjomba wako mkubwa nimeshamwambia atalipa mtu wa mchana wiki mbili, nilimwambia, sikumwomba, na akakubali haraka mpaka nikajuta sikusema mwezi.

Ukija, usibishane naye. Akisema ni 1970 basi ni 1970, muulize bei ya sukari ilikuwa ngapi. Mwongelee kwa mbele akuone mdomo, sikio la kushoto halisikii. Saa kumi jioni jua likishuka ndio ataanza kutaka kwenda nyumbani, atafunga leso kwa mfuko wa karatasi, sasa hapo mwagia zile nguo za mitumba nimeacha chini ya kitanda, zote, mwambie beli imefika na wateja wanakuja. Atakunja mpaka saa mbili. Anakunja vizuri kukushinda. Ukimaliza zikoroge tena urudishe chini ya kitanda, asikuone.

Jina atakuchanganya, kwa sababu wewe ndiwe umepewa lake, ukimwambia unaitwa nani atacheka sana aseme hata mimi. Mcheke naye. Na mimi akikuuliza huyo mama anayekaa na funguo ni nani, atakuuliza tu, mwambie ni mtu wa kazi. Ndivyo ananijua siku hizi. Juzi alinisifu, akasema napika vizuri na angeniongeza mshahara kama watoto wake wangekuwa wanatuma pesa.

Ukija beba slipa za namba tano, laini, zisizoteleza. Zile zingine ameficha na nimetafuta mpaka kwa unga.

Naskia kitanda. Wacha niende.

Mum