Mafuta ya Turkana hayatalipa deni, na si hilo linalonitia hofu

Mhariri,

Msomaji mwenzangu aliyeandika katika ukurasa huu kwamba mafuta ya Turkana yakianza kutiririka tutamaliza madeni na kupumzishwa ushuru hayuko peke yake. Maneno hayo nayasikia kwenye matatu, kwa kinyozi, hata nje ya kanisa baada ya ibada. Mimi ni mkaguzi wa hesabu mstaafu, na mazoea ya kazi hayaishi, kwa hiyo naomba tuanze na tarakimu.

Kampuni ya Tullow, iliyotangaziwa shangwe pale kisima cha Ngamia 1 kilipopatikana Machi 2012, ilikadiria kwamba eneo la Lokichar Kusini lina mapipa yapatayo milioni 560 yanayoweza kutolewa. Tuchukue bei ya dola 65 kwa pipa. Hizo ni dola bilioni 36.4, na dola ikiwa shilingi 129 tunapata kama shilingi trilioni 4.7. Deni la taifa limeshapita trilioni 10. Maana yake, tungeyauza yote kwa siku moja, tusimlipe mchimbaji wala dereva, tusijenge bomba, mwekezaji naye aende zake mikono mitupu, bado tusingefika nusu ya deni. Nayo hayatauzwa kwa siku moja. Yatachukua miaka ishirini na zaidi, na wenye kudai hawatangoja.

Hilo la deni nimelimaliza. Linaloninyima usingizi ni jingine: mbona nchi zenye mafuta na madini mengi kuliko yetu mara nyingi zimebaki na raia maskini? Nigeria ilianza kuuza mafuta nje 1958. Kwa miongo mingi baada ya hapo iliagiza petroli kutoka ng'ambo kwa sababu viwanda vya serikali vya kusafishia vilikuwa vimelala, na madereva wa Lagos walizijua foleni za petroli kama sisi tunavyojua foleni za magari za Thika Road. Kongo hutoa karibu asilimia 70 ya kobalti ya dunia nzima, ile inayoingia kwenye betri za simu na magari ya umeme. Nenda Kolwezi uone wanaoichimba kwa mikono wanaishije.

Majibu ya haraka tunayo. Wengine husema ni wazungu, na hawakosei: Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji aliifanya Kongo mali yake binafsi tangu 1885 hadi 1908, na mpira wa Kongo ulilipiwa kwa viganja vya watu. Wengine husema ni viongozi wetu wenyewe, nao wana Mobutu wa kutaja, miaka 32 madarakani. Sibishani na upande wowote. Ila majibu yote mawili yana kasoro moja: yanatufanya tumtafute mwizi mwenye sura. Fedha nyingi hazipotei namna hiyo. Hupotea mchana kweupe, ndani ya daftari lililopigwa mihuri yote inayotakiwa.

Nieleze, kwa kuwa hapa ndipo nilipotumia maisha yangu. Kenya huingia mikataba ya kugawana mazao. Mafuta yakitoka, mwekezaji hujirudishia kwanza gharama zake kutoka katika sehemu ya mafuta hayo. Hiyo huitwa mafuta ya gharama. Yanayobaki, yaani mafuta ya faida, ndiyo hugawanywa kati yake na serikali. Kwa hiyo kila shilingi inayoandikwa kwenye safu ya gharama humega fungu letu. Tullow iliingia nchini 2010. Hebu fikiria risiti zilizokusanyika tangu wakati huo: kukodisha mtambo wa kuchimba, ndege, nyumba za wafanyakazi Nairobi, ada ya usimamizi inayotozwa na makao makuu ya kampuni, riba ya mkopo ambao kampuni mama huweza kuipa kampuni tanzu yake. Sisemi kuna risiti ya uongo. Nasema kwamba mtu wa kuzikagua lazima ajue bei halali ya kukodisha mtambo kwa siku, katika jangwa, mwaka ule mafuta yalipokuwa dola 100 na mwaka yalipoanguka. Katika kazi yangu nilikagua mambo mepesi zaidi, saruji na mafuta ya magari, na hata huko mkandarasi mwerevu alikuwa na njia zake.

Upande wa mauzo una ujanja wake pia. Mwaka 2020 Mahakama ya Juu ya Zambia ilikubaliana na mamlaka ya kodi ya nchi hiyo kwamba mgodi wa Mopani ulikuwa umeiuzia kampuni ya Glencore, ambayo ndiyo ilikuwa mwenye hisa nyingi mgodini, shaba kwa bei isiyolingana na ya soko. Ukijiuzia mwenyewe kwa bei ya chini, faida huonekana kwingine, kule kodi iliko ndogo. Zambia ilishinda, na nawapigia makofi. Lakini mauzo yaliyobishaniwa yalikuwa ya kati ya 2006 na 2009. Haki ilichukua zaidi ya miaka kumi kufika.

Majirani zetu wa Tanzania nao wanakumbuka sakata la makinikia, ule mchanga wa madini uliozuiwa kusafirishwa 2017. Serikali iliiandikia kampuni ya Acacia dai la kodi la dola bilioni 190. Mzozo ukaisha kwa makubaliano na Barrick, mwenye hisa nyingi katika Acacia: dola milioni 300, pamoja na hisa za asilimia 16 za serikali katika migodi. Wako wanaosema Tanzania ilishindwa, na wako wanaosema ilipata zaidi ya ilivyowahi kupata. Mimi nikiangalia bilioni 190 na milioni 300 naona jambo moja tu: kwa miaka yote ile, mchanga ulipokuwa ukipakiwa melini, hapakuwa na hesabu ambayo pande zote mbili ziliiamini.

Sasa nije kwenye jambo ambalo naona halisemwi vya kutosha Nairobi. Juni 2024 vijana walijaa barabarani kwa sababu ya Mswada wa Fedha. Ulikuwa umependekeza ushuru wa asilimia 16 kwenye mkate. Watu waliusoma kifungu kwa kifungu, wakaufafanua kwa Kiswahili, Sheng na lugha za nyumbani, na tarehe 25 wakaingia Bungeni. Wengine hawakurudi kwao, na damu ile isisahauliwe. Siku iliyofuata Rais akakataa kuutia saini. Kwa nini serikali ililazimika kusikia? Kwa sababu ilikuwa imekuja mifukoni mwetu. Kila mwisho wa mwezi hati ya mshahara huonyesha kilichokatwa, ada ya nyumba imo, bima ya afya imo, na anayekatwa ana sababu ya kuuliza.

Linganisha na titani ya Kwale. Meli ya kwanza iliondoka na mchanga huo Februari 2014, na uchimbaji ukafungwa mwisho wa 2024. Muongo mzima. Ni nani Nairobi aliyewahi kuandamana kwa sababu ya kiwango cha mrabaha, yaani malipo ya mchimbaji kwa serikali kwa madini anayoyatoa? Ni wangapi wetu tunaoweza kusema tulilipwa nini kwa tani? Sheria ya Madini ya 2016 iliahidi jamii ya eneo la mgodi asilimia 10 ya mrabaha, na wenyeji wakangoja miaka mingi kuziona. Pesa ambayo haijapita mkononi mwako haikuumi ikipotea. Serikali inayoishi kwa mafuta haiji na mswada wa kodi wa kutukasirisha, kwa sababu haituhitaji. Guinea ya Ikweta ilipata mafuta yake miaka ya tisini, na mtu aliyekuwa akiitawala tangu 1979 bado yuko kitini. Kwa hiyo msomaji mwenzangu anayetamani kupumzishwa ushuru na mafuta, naomba afikirie mara mbili. Siupendi ushuru, hakuna aupendaye. Lakini naogopa zaidi serikali isiyonidai kitu.

Nitajibiwa kwamba sheria tunazo. Chad nayo ilikuwa nayo. Mwaka 1999, ikitaka Benki ya Dunia isaidie ujenzi wa bomba la zaidi ya kilomita 1,000 kupitia Kamerun, ilipitisha sheria iliyosifiwa kila mahali: asilimia 10 iwekwe kwa ajili ya vizazi vijavyo, sehemu kubwa iende kwa elimu, afya na mambo kama hayo, na asilimia 5 ipewe eneo la Doba lenye visima. Mafuta yakaanza kutoka 2003. Desemba 2005 Bunge la Chad likabadilisha sheria, akiba ya vizazi vijavyo ikafutwa, na usalama ukaongezwa kwenye orodha ya mambo muhimu. Kufikia 2008 Benki ya Dunia ilikuwa imefunga virago. Asilimia 5 ya Doba, Mhariri, ni sawasawa na tuliyowapa wenyeji wa Turkana katika Sheria ya Petroli ya 2019. Wao walikuwa wameahidiwa 10 kwenye mswada wa awali, kabla Rais Uhuru Kenyatta hajaurudisha Bungeni. Kaunti ina 20, serikali kuu 75.

Kuna pia hatari inayomfikia mkulima asiyejua kisima kiko wapi. Dola za mafuta zikiingia kwa wingi, shilingi hupanda. Sisi wa mjini tutashangilia bei ya simu za kutoka nje ikishuka. Lakini chai ya Kericho huuzwa kwa dola kwenye mnada wa Mombasa. Dola ikishuka, mkulima hupokea shilingi chache kwa majani yaleyale, na mbolea yake haishuki kwa kasi hiyo. Mafuta yetu ni kidogo, pengine hatutafika huko. Lakini Nigeria ilifika: mji wake wa Kano uliwahi kujulikana kwa mapiramidi ya magunia ya karanga. Yalitoweka wakati wa neema ya mafuta.

Botswana hutajwa kama tiba, na kwa kweli ilifanya jambo moja la busara mapema. Ilipata uhuru 1966 ikiwa na kilomita chache mno za lami. Almasi zikapatikana Orapa 1967, na mwaka huohuo sheria ikayaweka madini chini ya taifa zima badala ya makabila, ingawa Rais Seretse Khama mwenyewe alitoka katika ukoo wa kifalme. Nchi ikajadiliana na kampuni ya almasi ya De Beers hadi ikapata nusu ya hisa za migodi. Hata hivyo, bei ya almasi iliposhuka, ajira zikawa haba, na 2024 chama kilichotawala tangu uhuru kikaangushwa kwenye kura. Ndiyo maana sipendi kusikia kwamba tuinakili nchi fulani. Tunachoweza kunakili ni utaratibu: kujua kilicho chako kabla ya kukaa mezani.

Mwaka 2025 Tullow iliiuzia kampuni ya Gulf Energy visima vyake. Kifungu cha 71 cha Katiba kinalipa Bunge jukumu la kuidhinisha mikataba ya rasilimali. Kuidhinisha kusiwe kusema ndiyo tu. Mkataba mzima na viambatisho vyake uwekwe mahali ambapo mwalimu wa Lodwar na muuza mitumba wa Gikomba wataweza kuusoma, na mengi yake yafafanuliwe kwa Kiswahili. Gharama zinazodaiwa kurudishwa zitangazwe kila robo ya mwaka, kipengele kwa kipengele. Na tusianze kukopa kwa ahadi ya pipa ambalo halijatoka. Msumbiji ilitarajia gesi ya Rovuma, ikaingia katika mikopo ya siri ya takriban dola bilioni 2, na ilipofichuka 2016 gesi yenyewe ilikuwa bado chini ya bahari.

Swali langu ni kwa wizara inayohusika, na nitashukuru ikijibu kupitia ukurasa huuhuu: ni wakaguzi wangapi walioajiriwa serikalini leo, si washauri wa kukodishwa, wanaoweza kuchukua ankara ya kukodisha mtambo wa kuchimba na kusema bei hii si ya kweli? Kumfundisha mkaguzi wa namna hiyo huchukua miaka.

Mkaguzi wa hesabu mstaafu,
Buruburu, Nairobi